Mshale wa Kuwindia Ayala, na Jinsi Unavyochaguliwa

Mwalimu anayesoma Zaburi ya 42 pamoja na wanafunzi wake hana budi kukutana na neno ayala, na mara nyingi huulizwa, "Huyu ni mnyama gani?" Jawabu la desturi ni kwamba ayala ni kama kulungu, au ni kama paa. Jawabu hilo lasaidia kidogo, lakini si sahihi. Kulungu na paa, pamoja na pofu na kongoni, wana pembe zisizoanguka, nazo ni mfupa uliovikwa ganda gumu mfano wa kwato. Ayala dume ana pembe za mfupa mtupu, zenye matawi kama mti. Huota kila mwaka zikiwa zimefunikwa ngozi laini, hukomaa, na baada ya majira ya kupandana huanguka chini, kisha nyingine huota mahali pake. Katika Afrika yote jamii ya ayala kwa asili haipatikani isipokuwa kaskazini kabisa, katika misitu ya mpaka wa Tunisia na Aljeria. Kwa hiyo lugha zetu hazikuwa na jina lake, na wafasiri wakatumia neno lililo karibu na la Kiebrania, ayyal, na la Kiarabu, iyyal.

Huko Marekani ayala ni wengi, hasa yule mwenye mkia mweupe chini yake, ambaye dume lake lililokomaa laweza kuzidi kilo 100. Watu wengi huwawinda kila mwaka, na si kwa bunduki tu, bali kwa upinde na mshale pia, katika majira yaliyowekwa na sheria ya kila jimbo. Wawindaji hao wana elimu kubwa ya kuchagua mshale, na nia yangu katika makala hii ni kuieleza. Yatufaa kuijua kwa sababu mbili. Kwanza, maneno ya kazi hii tunayo sisi wenyewe tangu zamani, nayo yaanza kusahauliwa. Pili, mshale wao hufanya kazi kwa kanuni nyingine kabisa kuliko mshale waliouzoea wazee wetu wengi. Mtu asiyejua tofauti hiyo atashangaa kwa nini watu wenye elimu nyingi hawatii sumu katika mishale yao. Jawabu la swali hilo ndilo mlango wa habari yote.

I. Jinsi mshale unavyoua

Tuanze na hesabu. Mshale wa kuwindia wa siku hizi una uzito wa gramu 26 hivi, na ukitoka katika upinde mzuri huenda kwa mwendo wa mita 80 kwa nukta moja ya saa. Risasi ya bunduki ya kuwindia yaweza kuwa na gramu 10, lakini huenda mita 850 kwa nukta moja. Tukipima nguvu ya kila kimoja kwa hesabu ya elimu ya vitu, twaona nguvu ya risasi yaishinda ya mshale zaidi ya mara arobaini. Risasi hupasua nyama na kuvunja mifupa kwa nguvu ya pigo lake. Mshale hauwezi kufanya hivyo. Ayala aliyepigwa mshale mara nyingi huruka kidogo tu, akakimbia, na pengine husimama akatazama nyuma kana kwamba hakuna kitu.

Basi mshale huuaje? Kuna njia mbili tu. Njia ya kwanza ni sumu, na njia ya pili ni makali.

Njia ya sumu ndiyo iliyofuatwa na makabila mengi ya Afrika ya Mashariki. Waata, ambao wengine huwaita Waliangulu, walikuwa wakiwinda tembo kando ya mto Sabaki na katika nyika ya Tsavo kwa pinde zenye nguvu sana, zilizohitaji zaidi ya kilo 45 kuzivuta. Lakini hata nguvu hiyo haikuwa ndiyo iliyomwangusha tembo. Kilichomwangusha ni sumu iliyopikwa kwa mti ambao wataalamu wa mimea huuita Acokanthera. Wakamba pia walikuwa mafundi wa sumu hiyo, na Wahadza wa karibu na Ziwa Eyasi huipata sumu yao katika mimea mingine. Sumu hizi zote hushika moyo na kuusimamisha. Kwa hiyo mshale wa sumu hauhitaji kukata sana. Wahitaji kupenya ngozi, kuifikisha sumu katika damu, na kukaa humo humo. Ndiyo sababu chembe chake huwa chembamba, na mara nyingi kina miiba inayokizuia kisitoke. Tena mara nyingi hufungwa juu ya kijiti kinachoachana na uti, ili mnyama akikimbia uti uanguke, na chembe chenye sumu kibaki mwilini. Sumu yenyewe huzungushiwa kipande cha ngozi ili isikauke, na ngozi hiyo huondolewa karibu na wakati wa kupiga.

Katika Kiswahili sumu ya mishale iliitwa uchungu, na neno hilo lafaa sana. Kisomali huiita waabaayo, na kutoka neno hilo wataalamu wa Ulaya walipata jina la dawa ya moyo, uabaini. John Kirk, ambaye baadaye alikuwa konseli wa Uingereza Unguja, alipokuwa na Livingstone katika safari ya Zambezi alitambua ya kuwa sumu ya mishale iitwayo kombe hupunguza mapigo ya moyo, kwa sababu mswaki wake ulikuwa umegusana na sumu hiyo mfukoni. Hata Wayunani wa kale walijua jambo hili: uta waliuita toxon, na sumu ya mishale wakaiita kwa neno lililotoka katika uta, na ndilo lililokuwa neno la sumu katika lugha nyingi za Ulaya.

Lakini katika Marekani sheria za majimbo mengi zimekataza sumu katika mishale. Basi mwindaji wa ayala amebakiwa na njia ya pili peke yake, yaani makali. Mshale wake lazima ukate mishipa na mapafu, damu imwagike upesi, na ubongo ukose damu. Mapafu mawili yakikatwa vizuri, ayala mara nyingi huanguka kabla ya dakika moja kwisha. Lakini mshale ukipita mahali pengine, au ukiingia kidogo tu, mnyama aweza kwenda mbali na kufa kwa taabu kesho yake, au kuishi na jeraha siku nyingi. Hakuna sumu ya kumsaidia mwindaji aliyekosea. Hili ndilo jambo zito katika kuchagua mshale, na mashauri yote yanayofuata yatoka hapo.

II. Ishi na mwanafunzi wake

Uwindaji wa upinde ulioenea sasa Marekani una mizizi mingi, lakini mmoja unajulikana kuliko mingine. Mwezi wa Agosti 1911 mtu mmoja wa kabila la Wayahi alitokea karibu na mji wa Oroville katika California, peke yake, watu wake wote wakiwa wamekwisha kufa au kuuawa. Kwa desturi ya kwao haikumpasa mtu kujitajia jina lake mwenyewe, naye hakulitaja hata mwisho, wakamwita Ishi, ambalo katika lugha yake maana yake ni "mtu." Akakaa katika nyumba ya makumbusho ya Chuo Kikuu cha California mpaka alipokufa mwezi wa Machi 1916.

Daktari aliyemtibu, Saxton Pope, akawa rafiki yake na mwanafunzi wake. Ishi alimfundisha kuchonga pinde na mishale, na kutengeneza vyembe vya jiwe lile jeusi la volkano ling'aalo kama kioo, na hata vya vioo vya chupa, kwa kuvibanja kidogo kidogo kwa ncha ya pembe ya ayala au ya chuma. Pope aliandika pia desturi zake za kuwinda. Siku moja kabla ya kuwinda Ishi hakula samaki wala hakuvuta tumbako. Asubuhi alioga mtoni, akajisugua majani yenye harufu nzuri, akanywa maji tu bila kula chakula. Kisha alimkaribia ayala mpaka hatua chache sana. Wasomaji watatambua hapa miiko inayofanana na ile ya wawindaji wengi wa kwetu, nayo ina maana iliyo wazi: mnyama hunusa harufu ya mtu mapema kuliko anavyomwona.

Pope alichapa kitabu juu ya uwindaji wa upinde mwaka 1923, na mwaka 1925 yeye na mwenzake Arthur Young walikuja Tanganyika pamoja na mwandishi Stewart Edward White, wakapiga simba kwa mishale ya makali pasipo sumu, bunduki ikiwa tayari kuwalinda. Mwaka 1934 jimbo la Wisconsin likaweka majira ya kuwinda ayala kwa upinde, na majimbo mengine yakafuata. Mwaka 1939 ilianza kutengenezwa mishale ya aluminiamu, na mwaka 1969 Holless Wilbur Allen alipata hati ya serikali kwa upinde wenye magurudumu, ambao humpunguzia mtu uzito anapoushikilia uliovutwa. Siku hizi mishale mingi ni ya kaboni. Vyombo vimebadilika sana, lakini kanuni aliyoifuata Ishi haikubadilika.

III. Kuchagua uti

Watu wengi hudhani jambo la kwanza ni chembe. Sivyo. Chembe kikali kilichofungwa juu ya uti usiofaa hakitafika mahali pake.

Upote unapoachiwa husukuma nyuma ya mshale kwa nguvu nyingi ghafula, hali mbele kuna uzito wa chembe. Kwa hiyo uti hupindika kama nyoka, ukapita kando ya upinde, kisha hunyooka baada ya kwenda mbali kidogo. Uti ukiwa laini mno kwa nguvu za upinde, hupindika kupita kiasi na kuyumba. Ukiwa mgumu mno, haupindiki vya kutosha nao huelekea upande. Kwa mtu apigaye kwa mkono wa kuume kwa upinde wa desturi, mshale mgumu mno huenda kushoto na mshale laini mno huenda kuume. Basi kila upinde una ugumu wa uti unaoupasa.

Ugumu huo hupimwa hivi. Uti huwekwa juu ya nguzo mbili zilizoachana sentimita 71, na katikati hutundikwa uzito wa gramu 880; kisha hupimwa umeshuka kiasi gani. Uti ulioshuka nusu inchi, yaani milimita 12.7, huandikwa 500. Ulioshuka kidogo zaidi huandikwa 600, na ulioshuka kidogo tu huandikwa 300. Kwa hiyo namba ikiwa ndogo uti ni mgumu, na wengi hukosea hapa. Mwenye upinde wa nguvu huchukua uti mgumu zaidi. Lakini yampasa akumbuke mambo mawili: uti ukiachwa mrefu huwa kama laini zaidi, na chembe kikiwa kizito huufanya uti vivyo hivyo. Mtu akibadilisha chembe cha gramu 6 kwa cha gramu 12 bila kuangalia uti, atashangaa mishale yake yote imeasi.

Jambo la pili ni uzito wa mshale mzima. Wamarekani huupima kwa uzito mdogo sana uliotokana na punje ya nafaka, nao 15 na zaidi kidogo hufanya gramu moja. Ni ajabu ya kupendeza kwamba sisi nasi tuna neno moja, chembe, kwa punje ya nafaka na kwa ncha ya mshale. Watengenezaji wa pinde husema mshale usipungue punje 5 kwa kila ratili ya nguvu ya upinde, maana mshale mwepesi mno hauchukui nguvu yote, na nguvu inayobaki huuharibu upinde wenyewe. Kwa upinde wa ratili 50, yaani kilo 23 hivi, kipimo hicho ni punje 250, au gramu 16. Lakini hicho ni kipimo cha kulinda upinde, si cha kuwindia. Mwindaji wa ayala mwenye upinde huo hufanya vema akichukua punje 8 mpaka 10 kwa ratili, yaani gramu 26 mpaka 32.

Hapa pana mabishano ya siku zote. Wengine hupenda mshale mwepesi kwa sababu huenda mbio na haushuki sana njiani, hata mtu akikosea kidogo katika kukadiria umbali hapati hasara kubwa. Wengine hupenda mshale mzito kwa sababu hupenya zaidi na kuufanya upinde usipige kelele. Hesabu ndogo itatusaidia kuamua. Sauti huenda mita 340 kwa nukta moja. Ayala akiwa mbali mita 30, sauti ya upote humfikia kwa sehemu 9 katika mia ya nukta, na mshale wa mita 80 humfikia kwa sehemu 37 katika mia. Basi ana karibu theluthi moja ya nukta ya kushtuka, naye anaposhtuka huinamisha mwili wake ili aruke, na mshale hupita juu ya mapafu. Tukiuongeza mwendo uwe mita 90, tutaokoa sehemu 4 tu katika mia ya nukta. Lakini mwindaji akikaribia mpaka mita 15, mshale wa mita 80 utafika kwa sehemu 19 katika mia. Maana yake ni kwamba hakuna mshale uwezao kuishinda sauti. Aliyekaribia mnyama amepata faida kubwa kuliko aliyenunua mwendo.

Mwisho, uti uwe mzima. Ed Ashby, Mmarekani aliyefanya majaribio mengi huko Natal, Afrika ya Kusini, katika miaka ya 1980, aliweka uimara wa mshale mbele ya sifa zote nyingine, kwa kuwa mshale uliovunjika ulipogonga mfupa hauendi mbele tena, hata uwe mzito na mkali namna gani. Uti wa kaboni una hatari yake pia: waweza kuwa na ufa usioonekana, na ukipigwa hupasuka mkononi. Kwa hiyo kabla ya kupiga hupindwa kidogo kwa mikono miwili, na mwenyewe husikiliza kama kuna sauti ya kualika.

IV. Kuchagua chembe

Mtu anapojizoeza kupiga shabaha hutumia ncha butu au ya duara. Kwa ayala hutumia chembe kipana chenye makali. Vyembe vipana ni vya namna tatu.

Namna ya kwanza ni chembe cha kipande kimoja, chenye mabapa mawili au matatu yasiyoondoka, ambayo hunolewa kwa tupa na kinoo. Makali yake huanzia nchani kabisa, hata hukata tangu kinapogusa ngozi. Namna ya pili ina ncha ngumu, na nyuma yake mabapa membamba kama nyembe, ambayo yakipoteza makali hutupwa na mengine kutiwa. Namna ya tatu ina mabapa yaliyokunjwa wakati mshale unaporuka, nayo hufunguka kinapogonga mnyama.

Hii ya tatu huvutia wengi, maana huruka karibu sawa na ncha ya shabaha, na jeraha lake laweza kuwa na upana wa sentimita 4 au 5. Lakini kuyafungua mabapa huchukua sehemu ya nguvu ya mshale, na kukata kwa upana huo huchukua nyingine. Mwenye upinde wa nguvu nyingi aweza kuimudu gharama hiyo. Mwenye upinde wa ratili 40 hawezi, naye hutakiwa achague chembe cha mabapa mawili kisichofunguka, chenye upana wa sentimita 3 hivi, ili mshale upite mpaka upande wa pili. Kupita upande wa pili si majivuno. Jeraha la kutokea, ambalo mara nyingi liko chini zaidi, ndilo linalomwaga damu ardhini, na bila damu hiyo hakuna njia ya kumfuata mnyama.

Majimbo kadhaa yameweka upana usiopungua sehemu saba katika nane za inchi, yaani milimita 22, na baadhi yamekataza chembe chenye miiba ya kurudi nyuma. Hapa tena twaona tofauti ya kanuni zile mbili. Mwiba ambao kwa mshale wa sumu ni lazima, kwa mshale wa makali ni ukatili bure, kwa kuwa hauongezi kukata, bali humfunga mnyama aliyejeruhiwa na chuma asichoweza kukiondoa.

Juu ya yote, chembe kiwe kikali. Jeraha la kuchanika hubana mishipa na kuifanya damu igande upesi. Jeraha la wembe humwaga damu bila kizuizi. Wawindaji hukijaribu chembe kwa kunyoa nywele za mkono, au kwa kukipitisha polepole juu ya uzi wa mpira uliovutwa kidogo: kikikata mara moja kimekubaliwa, kikiteleza kirudi kwenye kinoo. Wala chembe kipya kutoka dukani kisihesabiwe kuwa kikali mpaka kimejaribiwa. Na chembe kilichokwisha kupigwa katika mchanga au shabaha hakirudi podoni bila kunolewa.

V. Manyoya na mizani

Chembe kipana kina uso unaoshika upepo, nao hujaribu kuugeuza mshale kutoka mbele. Manyoya ya nyuma ndiyo yanayoushinda upepo huo, kwa hiyo chembe kikiwa kipana zaidi manyoya nayo yawe makubwa zaidi. Manyoya ya bata mzinga husifiwa kwa wepesi wake, na hulala yanapogusa upinde; lakini yakilowa hunywea. Ya plastiki hayaogopi mvua, ila ni mazito zaidi. Manyoya ya mshale mmoja yote yatoke katika bawa la upande mmoja, la kuume au la kushoto, maana mpindo wake wa asili ndio unaouzungusha mshale. Yakichanganywa hushindana.

Tena mshale uwe mzito mbele kuliko nyuma. Kipimo chake ni hiki. Chukua mshale wa sentimita 70 uliokwisha tiwa chembe, uusawazishe juu ya kidole, na upime kutoka mkato wa nyuma mpaka mahali pa usawa. Tuseme umepata sentimita 44. Nusu ya mshale ni 35. Iliyozidi ni 9. Gawanya 9 kwa 70, utapata sehemu 13 katika mia. Kwa kawaida hutafutwa kati ya 10 na 15, na wanaotaka kupenya zaidi huongeza.

Baada ya hayo yote, mshale wenye chembe huzungushwa kwa ncha yake juu ya kitu kigumu. Ncha ikiyumba, chembe hakikunyooka na uti. Kisha hupigwa pamoja na mishale ya shabaha kwa umbali ule ule. Yote ikianguka mahali pamoja, uchaguzi umekwisha. La sivyo, ni lazima kurudi kwenye ugumu wa uti.

VI. Baada ya mshale kutoka

Wazee wa pwani husema mshale kwenda msituni haukupotea. Kwa mwindaji wa ayala methali hii ina maana ya karibu kabisa, kwa sababu mshale uliopita upande wa pili huokotwa na kusomwa kama barua. Damu nyekundu angavu yenye povu yaeleza mapafu. Damu nyeusi kidogo yaeleza ini. Utelezi wa kijani wenye harufu mbaya waeleza matumbo. Kwa mapafu hungojwa nusu saa, ndipo kufuata damu. Kwa matumbo hungojwa saa nyingi, mara nyingine hata asubuhi, kwa kuwa mnyama asiyefukuzwa hulala karibu, na aliyefukuzwa hukimbia mpaka asipoonekana tena. Basi mshale mzuri humsaidia mwindaji mara mbili, mara moja unapopenya, na mara ya pili unapomweleza la kufanya.

Na mahali pa kupiga ni nyuma ya mguu wa mbele, mnyama akiwa amesimama ubavu au ameelekeza kichwa mbali kidogo. Akitazamana na mwindaji uso kwa uso, mwenye bunduki aweza kupiga. Mwenye mshale wa makali huvumilia, kwa kuwa mfupa wa kifua na wa bega huuzuia mshale. Uvumilivu huo ni sehemu ya uchaguzi wa mshale, maana anayejua mshale wake hauwezi kufanya nini hatautuma mahali pasipoufaa.

VII. Maneno yenyewe

Katika kueleza haya yote sikuhitaji kuazima maneno mengi. Chombo chenyewe ni uta au upinde, na wingi wa uta katika lugha ya zamani ni mata. Wakikuyu na Wakamba nao husema uta. Uzi wake ni upote. Mti wa mshale ni uti, na ncha ya chuma ni chembe au kigumba. Mfuko wa mishale ni podo, neno ambalo wasomaji wa Zaburi ya 127 walijua, au ziaka. Kupiga kwa mshale ni kufuma. Yasiyo na neno moja tu, kama ugumu wa uti, yaeleweka yakisemwa kwa urefu.

Lakini lugha za bara zina maneno mengi zaidi, kwa kuwa wenye mishale walikuwa na jina kwa kila namna ya chembe: cha ndege, cha mnyama mdogo, cha tembo, cha vita. Maneno hayo yanakwenda na wazee. Katika Kenya uwindaji wa kujifurahisha ulikatazwa mwaka 1977, na uwindaji wa Waata ulikuwa umekomeshwa tangu miaka ya 1950. Vijana wengi hawajaona mshale ila katika nyumba ya makumbusho. Mwalimu aliye karibu na mzee aliyechonga mishale afanye vema kumwuliza mambo matatu: kila sehemu yaitwaje, ilichaguliwa kwa sababu gani, na mnyama aliyejeruhiwa akapotea alisemwaje. Swali hili la mwisho lisiachwe, kwa maana lugha iliyo na neno kwa mnyama huyo ni lugha ya watu waliomfikiria.